Kofia ya Vita ya Bi Sikudhani

"Mpishi wewe? Mpishi gani asiyejua kwamba maji ya wali hupimwa kwa kidole?"

"Nilikuwa mpishi, Bi Sikudhani, na nitakufa mpishi!"

"Ulikuwa askari jela, Matola! Ulituhesabu kila asubuhi kama mbuzi wa mnadani, leo unatuambia ulikuwa ukitupikia?"

"Viganja hivi hapa! Haya, tazama!" Matola akavipitisha viganja vyake juu ya ua, vimejaa makovu yanayong'aa kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho. "Mikono hii imeungulia wapi? Kwenye kusoma gazeti? Hii imeungulia jikoni, ikiitumikia nchi!"

Huo ulikuwa ugomvi wetu mzuri wa kila asubuhi, na Mtaa wa Mbaazi mzima ulishajipanga kuusikiliza. Mimi nilikuwa kibarazani kwangu nachoma chapati za biashara, mahali ambapo ua wa Bi Sikudhani na mlango wa Matola vinaonekana vyote viwili bila mtu kunyoosha shingo. Sisemi kwamba nilijenga kibaraza pale kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba vinaonekana.

"Na kama wewe mpishi," Bi Sikudhani akauliza, ufagio mkononi, "mbona kila asubuhi unanunua chapati kwa jirani?"

"Mpishi akistaafu huipumzisha mikono."

Watu wakaangua kicheko. Matola akaja kwangu na heshima yake yote, akanunua chapati zake, akaingia ndani, akafunga mlango, akafunga na dirisha, ndipo akala.

Kwa dirisha msimcheke. Katika nchi yetu, Jamhuri ya Shwari, kula ni jambo la faragha kama kuoga.

*

Asiyeijua Shwari inafaa aelezwe. Zamani tulikuwa watu wa sinia. Mtu akipika alifungua mlango, akatandika mkeka, akaweka sinia katikati, na kila apitaye aliitwa: karibu tule. Aliyepita bila kuitwa alikuwa na haki ya kununa mpaka Idi. Basi Mlezi Mkuu wa Taifa, Mungu ampumzishe, maana mwenyewe alikataa katakata kupumzika, akafikiri sana akagundua jambo ambalo wakuu wa nchi nyingine lilikuwa limewapita: kwamba watu wakila pamoja huzungumza, na wakishiba husema kweli.

Ikapitishwa Sheria ya Mikono. Mikono minne katika sinia moja ni chakula. Mkono wa tano ukiingia, huo ni mkutano wa hadhara usio na kibali.

Ilikuwa sheria ya haki kabisa, haikubagua mtu. Ilikusanya walimu, makuli, maimamu, na bwana harusi mmoja pamoja na bibi harusi wake na wazee waliokuja kuwapa baraka. Wenye watoto wengi walikula kwa zamu, waliobaki wakingoja nje huku wakijifanya hawajuani. Na hapo ndipo ilipozaliwa ile tabia yetu ya kitaifa ambayo wageni huisimulia wakirudi kwao: ukimkuta Mshwari anatafuna, kabla hata hujamsalimia, shavu limemvimba kama mwenye jino bovu, atakwambia, "Mimi sili."

Siku hizo Bi Sikudhani alikuwa bado msichana wa nyonga nyepesi na mkono mwepesi zaidi. Akapika wali wa nazi katika sufuria aliyoachiwa na marehemu mama yake, akatandika mkeka mchana kweupe, akaita mtaa. Hakuwa na siasa yoyote. Alikuwa na samaki mkubwa kupita kiasi. Mikono saba ilikuwa ndani ya sinia askari walipotokea. Walichukua watu, wakachukua sinia, wakachukua samaki, na askari mmoja kijana akaingia jikoni akachukua na sufuria, ili mahakama ione silaha iliyotumika.

Wote saba wakapelekwa Nyundoni, kambi ya kuvunja mawe kule kwenye vilima vya kaskazini. Miaka ikapita. Wanne wakarudi, akiwamo Bi Sikudhani. Watatu hawakurudi.

Tangu hapo hakudai fidia, wala hakudai kuombwa radhi. Alidai sufuria yake. Kila mwaka alivaa khanga mpya akaenda kwa wakubwa, na kila mwaka alijibiwa kwa upole uleule: hakuna sufuria iliyochukuliwa, kwa kuwa hakuna aliyefungwa, kwa kuwa hakukuwa na kambi, kwa kuwa Shwari ni shwari.

"Shoga," aliniambia siku moja, "sufuria ile ndiyo shahidi wangu kwamba sikuota. Siku nikiipata, nitapika na kuita mtaa mzima kama zamani. Lakini siwezi kuita watu kwenye sufuria ya kuazima."

Sasa fikirieni, wenzangu, mtu wa namna hiyo siku moja asikie hodi ya jirani mpya aliyekuja kujitambulisha. Ile sauti tu! Alikuwa amelala kitandani na homa, akainuka akasimama wima kujibu "Nipo!" kabla hajajua anafanya nini. Jirani mwenyewe alikuwa Koplo mstaafu Matola, aliyekuwa amepanga nyumba ya pili bila kujua nani yuko upande wa pili wa ua. Naye Matola, alipomwona, akasema neno la kwanza lililomjia: "Mimi nilikuwa mpishi." Akalishikilia neno hilo kuanzia siku ile kama mtu aliyeshika mkia wa chui.

*

Kisha wakaja wafadhili. Wageni wa nje walisema wangependa sana kuisaidia Shwari, ila kwanza waone jinsi inavyokumbuka yaliyopita. Serikali ikapata jasho. Ikumbuke vipi, na ilikuwa imeshasahau vizuri? Kabla ya chai ya saa nne, Wizara ya Usahaulifu ikabadilishwa jina ikawa Wizara ya Kumbukumbu Nzuri. Waziri alibaki yuleyule, Mheshimiwa Tulizo, na kiti kilekile, ila kitambaa cha kiti kilifuliwa.

Tukamsikia redioni. "Ndugu wananchi! Wataalamu wetu wamegundua kambi. Ilikuwa imejificha nyuma ya kilima, ikiwa na bendera yetu juu. Uchunguzi unaendelea ili kujua ilifikaje pale. Hata hivyo, matokeo ya awali yanaonyesha kwamba ilikuwa mahali pa mapumziko, na kwamba waliokaa humo walikuwa wageni wa taifa. Tunawakaribisha wananchi na marafiki zetu kuitembelea, wajifunze, wafurahi!"

Mtaa wa Mbaazi ukateuliwa kutoa Wananchi Wachangamfu, wa kushangilia mbele ya wafadhili. Basi likaja. Matola alikuwa ameahidiwa Nishani ya Upawa, kwa utumishi wake kama Mpishi Mkuu wa Nyundoni, na pamoja na nishani kiwanja kizuri chenye upepo. Alitokea amevaa kofia nyeupe ya mpishi ndefu kama mnara, hata akalazimika kuingia basini kwa magoti.

Bi Sikudhani hakuwa amealikwa. Akapanda hivyohivyo.

"Wewe mama ni nani?" afisa wa mlangoni akamuuliza.

"Mimi ni mchangamfu."

"Mbona umenuna?"

"Ndio kwanza naanza."

Akapita. Akakaa kiti cha nyuma ya Matola, na njia nzima akawa anaivuta ile kofia kwa kidole, kila mara Matola akigeuka anamkuta anatazama dirishani.

*

Jamani, Nyundoni palipendeza! Lango lilikuwa limepakwa rangi ya waridi, na juu yake wameandika: KARIBUNI NYUNDONI. WALIOKUJA HAWAKUONDOKA. Waziri Tulizo mwenyewe alitutembeza, kipaza sauti mkononi, wafadhili wakimfuata na kamera zao, na kiongozi wao, mama mmoja mrefu aliyejifunza Kiswahili chuoni, akiuliza kila kitu.

"Hivi ni vyumba vya wageni," Waziri akasema. "Mtaona havina madirisha. Ni kumkinga mgeni na jua."

"Na pingu hizi?" akauliza yule mama.

"Bangili. Wageni walipenda kupendeza."

Tukafika kwenye kilima cha mawe. Waziri akaeleza kwamba wageni wa taifa walipenda sana mazoezi. Walikihamisha kilima hicho chote kutoka kushoto kwenda kulia, na kilipokwisha kufika kulia, wakakirudisha kushoto.

"Kwa nini?"

"Utamaduni," Waziri akajibu, na wafadhili wote wakaitikia kwa vichwa, maana neno hilo halipingwi.

Kisha tukaletewa nyundo. Huo, Waziri alisema, ni mpango wa kisasa uitwao Onja Historia, ambapo mtalii anavunja mawe mwenyewe ili historia imwingie mikononi. Tukavunja. Wafadhili wakavunja wakipigana picha, wakaota malengelenge wakayaonyeshana kwa furaha. Kila kokoto zilipojaa, lori likaja likazibeba. Nikamwuliza dereva zinakwenda jumba gani la makumbusho. Akasema zinakwenda kwa Waziri, anamwaga zege la ghorofa ya tatu.

"Je, hapa kuna waliofariki?" mama mfadhili akauliza, akipangusa jasho.

"Hakuna hata mmoja," akasema Waziri. "Wachache tu waliongeza likizo."

Nikamtazama Bi Sikudhani, nikijua sasa dunia itapasuka. Alikuwa anatazama ng'ambo ya seng'enge, palipo na mkwaju, na midomo yake inacheza bila sauti. Niliisoma, maana majina yale kila mtu wa Mbaazi anayajua: Mzee Ngwali. Kibwana fundi baiskeli. Mwanaiki. Nikageuka, nikamkuta Matola naye anautazama mkwaju uleule. Akaona nimemwona, akaivuta ile kofia ndefu ikamfunika macho.

*

Chumba cha maonyesho kilikuwa na zulia. Katikati, ndani ya kabati la kioo, chini ya taa, kilikuwapo kitu kimeinamishwa juu ya kichwa cha mbao, na kibao kimeandikwa kwa herufi za dhahabu: KOFIA YA VITA YA ADUI ASIYEJULIKANA.

Bi Sikudhani akasogea. Akainama. Akatazama kwa chini, akaona kiraka cha bati kilichopigwa ribiti na fundi wa mama yake.

"Yallah! Sufuria yangu!"

"Mama, tafadhali, usiguse kofia," Waziri akasema.

"Kofia ina ukoko?"

Kweli bwana, ukoko ulikuwapo. Kwa kuwa kielelezo hakioshwi, wali wa siku ile ulikuwa umeganda ndani, mweusi, mgumu, umetulia kama mali ya serikali.

"Ukoko wangu huu mmeutunza kuliko mlivyotutunza sisi!" Bi Sikudhani akasema, na Wananchi Wachangamfu wakachangamka kweli, safari hii bila kuagizwa.

Waziri alikuwa mtu mzoefu. Alicheka, akaeleza wafadhili kwamba mama huyu ni mchekeshaji wa jadi, akamwita haraka mwenye kustahili. "Na sasa, wageni wetu, Mpishi Mkuu wa Nyundoni! Mikono iliyowalisha wageni wa taifa!"

Matola akatoka mbele, akainua viganja, makovu yakameremeta chini ya taa. Wafadhili wakapiga makofi. Nishani ilikuwa tayari kwenye mto wa mahameli. Ndipo yule mama mrefu akasema, kwa uungwana wote, "Tungependa kumwona akipika. Kidogo tu. Kama siku zile."

Ikaonekana Waziri amemeza kitu kisichomezeka.

Wakatafuta sufuria. Wakatafuta ghalani, wakatafuta vyumba vya wageni, mpaka nyumba ya mkuu wa kambi. Kambi iliyowalisha maelfu haikuwa na sufuria hata moja. Wafadhili wakaanza kutazamana. Ndipo yule mama akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo.

"Ile je?"

"Ile ni kofia, Mheshimiwa."

"Haiwezi kupikia?"

Waziri akatazama wafadhili, akatazama kofia, akautazama mustakabali wa nchi yake. "Kofia za Shwari," akasema, "zinaweza kila kitu."

*

Yaliyofuata ningewauzia kwa kiingilio kama ningekuwa na ukumbi.

Matola aliwekewa mafiga matatu uwanjani, kuni, mchele, nazi na maji. Aliwasha moto, moto ukakataa. Akaupuliza, majivu yakamrudia usoni. Akaishika ile nazi, akaigeuza, akaitikisa sikioni kama anayepiga simu. Akamimina mchele ndani ya sufuria bila kuuosha, juu ya ukoko wa mwaka ule, kisha akasimama na kopo la maji mkononi, jasho linamtiririka, kofia imeinama kama mnara uliopigwa na radi.

Bi Sikudhani alikuwa amesimama karibu naye, mikono kifuani.

"Kidole, Afande," akamwambia polepole. "Kidole."

"Dada, nisaidie," Matola akanong'ona.

"Dada? Asubuhi nilikuwa nani?"

"Bi Sikudhani, nitaaibika mbele ya mataifa!"

"Nitapika mimi. Ila kwanza sema hiki ni nini, na kilifikaje hapa. Sema kwa sauti ile uliyokuwa ukituhesabia."

Matola akamtazama Waziri. Waziri alikuwa anatabasamu, lile tabasamu ambalo wapangaji wote wa Nyundoni walilijua. Matola akaitazama nishani juu ya mto wake. Nadhani na kiwanja alikiona, na upepo wake. Kisha akavitazama viganja vyake, akakaa navyo muda, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa zamani akaogopa kuifungua.

Akaivua ile kofia ndefu.

"Hii ni sufuria," akasema.

Kilima chote kikamsikia. Sauti ya kuhesabia watu haizeeki.

"Ni sufuria ya Bi Sikudhani wa Mtaa wa Mbaazi. Niliichukua mimi, jikoni kwake, ikiwa bado motoni. Mkuu wangu alipiga kelele, 'Chukua silaha!' nami nikaikumbatia kwa mikono mitupu, maana sikujua kwamba sufuria hushikwa kwa kitambaa. Nilikuwa askari. Sijapata kupika hata yai." Akainua viganja juu, safari hii bila kujivuna. "Makovu haya ndiyo hayo."

Bi Sikudhani alikuwa ameshika pindo la khanga mdomoni. Miaka yote ile alikuwa akipigana na makovu yale kila asubuhi juu ya ua, kumbe yalikuwa shahidi wake.

"Haya, sogea," akasema hatimaye. "Unauharibu mchele wa watu."

Akaimwaga sufuria, akaisugua kwa mchanga mpaka ikacheka. Akaosha mchele, akakuna nazi, akatia kidole, maji yakafika kwenye pingili ya kwanza, basi. Harufu ilipopanda, walinzi waliacha malindo yao wakaja wakasimama karibu wakijifanya wanakagua moshi.

Waziri Tulizo naye hakuwa mtu wa kuachwa nyuma na ukweli. Alishika kipaza sauti. "Kama serikali ilivyosema siku zote," akatangaza, "hii ni sufuria! Na ni mimi niliyeigundua!"

Ukaletwa mkeka, likaletwa sinia. Mama mfadhili akakaa, na wenzake wawili, na Bi Sikudhani akajaza mkono wa nne. Waziri, kwa haraka ya kuingia kwenye picha, akakunja mkono wa shati, akachota.

Mkono wa tano.

Tuliguna sote kwa pamoja, Mbaazi nzima, kama paa linalotaka kuanguka. Maana Sheria ya Mikono haikuwahi kufutwa. Serikali ilikana kwamba iliwahi kuwapo, sasa uifuteje? Askari mmoja, mzee wa mazoea, mkono wake ukaanza kwenda wenyewe kwenye pingu. Waziri akaganda, tonge limening'inia, nazi ikimchuruzika kwenye saa ya dhahabu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, na hapo kushoto Mungu akamfunulia.

"Sheria ile, ndugu zangu," akasema, "ilihusu mkono wa kushoto tu!"

Kilichofuata hakikuwa makofi. Tulilivamia lile sinia. Walinzi wakala, dereva wa lori akala, yule askari wa pingu akala kwa mikono yote miwili mpaka akakumbushwa sheria.

*

Ilibaki kutoka. Sufuria ilikuwa tupu, na langoni alikaa mlinzi kijana aliyeshiba lakini asiyebadilika.

"Vielelezo havitoki, Bibi."

"Hiki kinaitwaje, mwanangu, kwa mujibu wa serikali?"

Mlinzi alikuwa na kile kibao cha dhahabu mkononi, alichokuwa ameagizwa kukibandua. Akasoma. "Kofia ya vita."

"Kofia huvaliwa wapi?"

"Kichwani."

"Na mtu huvuliwa kofia yake mlangoni?"

Akafikiri. Maelekezo yake hayakusema lolote juu ya kofia ya mtu. Bi Sikudhani akaigeuza sufuria akaivaa. Ikamfunika mpaka mabegani, nikalazimika kumshika mkono nimwongoze, naye akapita chini ya lile lango la waridi haoni mbele, anacheka, na kicheko chake kinavuma humo ndani kama ngoma ya harusi. Mlinzi akampigia saluti.

Matola hakurudi nasi. Nishani ya Upawa alijivalisha Waziri mwenyewe, kwa ugunduzi wa sufuria, na basi likaagizwa lisimpakie mtu asiyejua kupika. Alirudi kwa miguu. Wenye kujua wanasema alifika kesho yake asubuhi, viatu mkononi, akaingia kwake akafunga mlango na dirisha, na siku ile hakukuwa na ugomvi juu ya ua. Kuna waliosema mtaa umepoa. Ni mimi niliyesema.

*

Adhuhuri Bi Sikudhani akafungua mlango wake, akatandika mkeka uani, akaanza kuita watu mmoja mmoja kwa majina. Watu walikuja kama wanaovuka mto usiku. Mwenzetu mmoja alichungulia, akaona sinia, akasema, "Mimi sili," akakaa, akala kuliko wote.

Sikuchoma chapati siku ile. Ningechomaje na mimi nilikuwa wa kwanza mkekani? Kwa hiyo Matola, njaa ilipomshinda, alitoka akakuta kibaraza changu kitupu na jiko limepoa. Akasimama pale njiani. Sote tukaacha kutafuna.

"Mimi napita tu," akasema, ingawa alikuwa amesimama.

Kwenye mkeka palikuwa na nafasi tatu tupu ambazo Bi Sikudhani alituzuia kuzikalia, hata tulipobanana mpaka magoti yakagongana. Matola akaziona.

"Hizo zina wenyewe," Bi Sikudhani akamwambia.

"Najua."

"Ni za nani?"

"Mzee Ngwali," akasema Matola, si kwa sauti ile ya kuhesabia. "Kibwana. Mwanaiki." Akanyoosha kidole kaskazini. "Wako chini ya mkwaju, ng'ambo ya seng'enge. Nilichimba mimi. Nawajua mmoja mmoja wako wapi."

Kuku wa jirani alipita katikati ya mkeka na hakuna aliyemfukuza.

Bi Sikudhani alilikoroga sinia taratibu kwa ncha za vidole, akasawazisha wali upande wake. "Jumamosi utatupeleka," akasema. "Utatuonyesha, na utatuhesabia, na safari hii tutaitikia sisi kwa niaba yao."

"Nitawapeleka."

"Leo si Jumamosi. Leo ni siku ya kula." Akanisukuma na kiwiko nisogee, nami nikamsukuma wa pili yangu, naye wa tatu, mkeka mzima ukasogea mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja zaidi. Akamtupia kitambaa cha jikoni, kikamwangukia Matola begani. "Hiki ni cha kushikia sufuria, ukijifunze. Maji ya kunawa yako mlangoni. Karibu ndani, Matola, ule. Ila ukoko usiuguse, ukoko ni wangu."